Msimu Mzima Safarini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Safari za Mwendesha Baiskeli wa Kulipwa

Ukurasa huu ni wa waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki waliopata nafasi katika timu ya kulipwa, au walio mbioni kuipata, pamoja na makocha na ndugu wanaowasaidia kupanga safari. Mifano mingi ni ya Ulaya kwa sababu mashindano mengi yako huko.

Msimu huanza lini, na safari zenyewe ni nyingi kiasi gani?

Kalenda ya WorldTour, daraja la juu kabisa lenye timu 18, hufunguliwa Januari kwa Tour Down Under mjini Adelaide, Australia, na kufungwa Oktoba kwa Tour of Guangxi nchini China. Katikati kuna UAE Tour mwezi Februari, mbio za siku moja za Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa Machi na Aprili, Giro d'Italia Mei, Tour de France Julai, na Vuelta a España Agosti hadi Septemba. Hakuna anayeshiriki zote. Kwa kawaida mtu mmoja hushindana siku 60 hadi 80 kwa mwaka.

Siku hizo si ndizo zinazomchosha mtu peke yake. Kinachomla ni zile siku za katikati: kuamka saa 9 usiku kuwahi ndege, kukaa saa tatu ndani ya gari, kulala kitanda kipya kila usiku. Tazama mwisho wa msimu wa 2025: Tadej Pogačar alishinda ubingwa wa dunia Kigali tarehe 28 Septemba, ubingwa wa Ulaya nchini Ufaransa tarehe 5 Oktoba, Tre Valli Varesine nchini Italia tarehe 7, na Il Lombardia tarehe 11. Siku tatu baada ya Lombardia, tarehe 14, wengine walikuwa tayari wako Guangxi wakianza mbio za hatua, yaani za siku kadhaa. Mwenye pasipoti ya Umoja wa Ulaya hupita katikati ya nchi hizo za Ulaya bila kuulizwa. Mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda, Tanzania au Rwanda lazima apange kila mpaka mapema.

Siku 90 za Schengen huhesabiwaje?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo soma polepole. Viza ya muda mfupi ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, hukuruhusu kukaa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Kipindi hicho hakianzi Januari wala siku uliyopewa viza. Kila siku unayokuwa ndani ya eneo hilo, unarudi nyuma siku 180 na kuhesabu siku ulizokaa humo. Siku ya kuingia huhesabiwa, na ya kutoka vilevile, hata kama uliondoka alfajiri.

Chukua mfano: umeingia tarehe 1 Februari kwa kambi ya mazoezi Uhispania, ukaendelea moja kwa moja na mbio za Ubelgiji. Siku yako ya 90 ni tarehe 1 Mei, katika mwaka wenye Februari ya siku 28. Timu ikikuita kwa Giro, huna siku hata moja. Ndiyo maana inafaa kugawa kipande cha mwanzo: wiki tano Ulaya, urudi nyumbani, kisha wiki nyingine kadhaa.

Viza iwe ya kuingia mara nyingi. Giro ya 2025 ilianzia Durrës, Albania, nje ya Schengen, kisha ikavuka kwenda Italia. Mwenye viza ya kuingia mara moja aliyekuwa tayari ametumia ruhusa hiyo asingeweza kurejea. Andorra nayo haimo Schengen, lakini huwezi kuifikia bila kupita Ufaransa au Uhispania, kwa hiyo kambi ya huko inakulazimu uwe na ruhusa ya kuingia mara mbili. Uingereza ni viza nyingine kabisa.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mihuri ya pasipoti imeanza kupisha mfumo wa kompyuta unaochukua alama za vidole na picha ya uso. Ule mtindo wa kutegemea muhuri uliofifia umekwisha. Mashine huhesabu siku zako bila kusahau.

Ukiwa na mkataba wa mwaka mzima na timu ya Ulaya, iulize timu kuhusu viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi. Siku unazokaa kwa kibali katika nchi iliyokitoa hazikatwi katika zile 90. Kazi ya makaratasi ni kubwa, lakini kwa msimu kamili hakuna njia nyingine ya maana.

Viza iombwe lini?

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, kwa hiyo anayeomba wiki tatu kabla ya mbio anacheza kamari. Unahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Omba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Siku zikilingana, omba kwa ile utakayoingia kwanza.

Barua ya mwaliko ndiyo huharibu mambo mara nyingi. Barua inayosema tu kwamba timu inakualika mashindanoni haitoshi. Itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, mbio moja moja, mahali pa kulala, na nani analipa tiketi, chakula na matibabu. Ambatisha mkataba, leseni ya shirikisho lako na nakala za viza za zamani. Ukiwa umetumia viza tatu kihalali ndani ya miaka miwili, kanuni zinaruhusu upewe ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Iombe kwa maandishi, usisubiri kufikiriwa.

Kumbuka pia kwamba pasipoti ikiwa ubalozini, wewe umefungwa. Mkenya au Mganda anayetakiwa Tour du Rwanda kipindi hicho anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania hana nafuu hiyo.

Je, nisafiri na baiskeli yangu kila mara?

Katika timu kubwa, hapana. Baiskeli ya mashindano hukaa kwenye karakana ya timu na husafirishwa kwa lori. Wewe una nyingine ya mazoezi nyumbani. Kwa mbio za Australia, China au Ghuba baiskeli zote hupakiwa ndege, lakini anayezifunga ni fundi. Katika timu ndogo za daraja la bara, lililo chini ya madaraja mawili ya juu, na ukiwa na timu ya taifa, utajifungia mwenyewe.

Nifungeje baiskeli kwa ajili ya ndege?

1. Funga utepe kwenye mhimili wa kiti pale unapoingia kwenye fremu. Pima urefu kutoka katikati ya mhimili wa kreni (mikono inayoshika pedali) hadi juu ya kiti, na kutoka ncha ya kiti hadi kwenye hendeli. Hifadhi namba hizo kwenye simu. Milimita tano za makosa zitakusemesha goti baada ya saa nne.
2. Toa pedali. Ya kulia hufunguka kinyume cha saa. Ya kushoto hufunguka kuelekea saa. Wanaosahau hili huharibu nyuzi za kreni, na kreni ni ghali.
3. Fungua kibadilisha gia cha nyuma, kifunge kwa kitambaa na ukifungie ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Usikate mnyororo. Kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia kibadilisha gia kwenye fremu ndicho hupinda kwanza mzigo ukibamizwa, na kila fremu ina chake. Beba cha akiba. Madukani ni bahati nasibu.
4. Toa magurudumu na uvue diski za breki. Weka kipande cha plastiki katikati ya pedi za breki. Bila hicho, mkono wa breki ukibanwa ndani ya begi, pedi hufungana na gurudumu halitaingia.
5. Weka kizuizi kati ya ncha za foko na kati ya zile za nyuma ili fremu isibonyee ikilaliwa na masanduku.
6. Punguza upepo, usitoe wote. Sehemu ya mizigo ya ndege ina hewa iliyodhibitiwa, na tairi halipasuki kama wengi wanavyodhani, ila mashirika mengi ya ndege hudai upunguze. Tairi lisilo na tyubu likiishiwa upepo kabisa hubanduka kwenye rimu na majimaji ya kuziba pancha humwagika ndani ya begi. Acha upepo wenye shinikizo la kama baa mbili.
7. Kwa gia za umeme zenye betri ya kuchomoa, chomoa betri zote. Mtikisiko huziamsha, na utafika zimekwisha. Kwa betri iliyo ndani ya fremu, tenganisha waya ili vitufe vikibanwa safarini visiendelee kuinyonya.
8. Vitu vidogo vyote viingie kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye fremu. Ekseli inayorandaranda ndani ya boksi hutoboa kaboni.

Hendeli za kipande kimoja, zenye mirija ya breki ndani, hazigeuki. Zinahitaji boksi kubwa zaidi. Hilo lijulikane kabla ya kununua boksi, siyo usiku wa kuamkia safari.

Mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 23, na juu ya kilo 32 mzigo haupokelewi kama begi la kawaida. Baiskeli ya mashindano haiwezi kuwa chini ya kilo 6.8 kwa kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia; ya mazoezi hufika 8 au 9, na boksi gumu ni kilo 10 hadi 12. Unabaki na nafasi ndogo, nayo ijazwe nguo, siyo vyuma. Sajili baiskeli kama vifaa vya michezo wakati wa kukata tiketi. Ndege ndogo za mapangaboi zina mlango mdogo wa mizigo, na baiskeli huachwa kwa ajili ya ndege inayofuata hata ukiwa umelipia.

Ukifika, tumia spana ya kupimia nguvu. Boliti za hendeli na kiti kwa kawaida ni Nm (niutoni-mita) 4 hadi 6, na namba huandikwa palepale. Pedali ni kama Nm 35, na nati ya diski inayokaa katikati ya habu ni Nm 40. Kaboni iliyokazwa kwa hasira hupasuka kimyakimya, halafu huvunjika ukiwa kwenye mteremko.

Nibebe nini mkononi, ndani ya ndege?

Viatu, pedali, helmeti, suti moja kamili ya mashindano, kompyuta ya baiskeli, pasipoti, dawa na vyeti vyake. Mantiki ni hii: baiskeli unaweza kuazimwa na timu nyingine jioni hiyohiyo, lakini viatu vilivyozoea mguu wako, vyenye vishikizo vilivyopimwa, havipatikani popote. Betri zote za akiba na pawabenki, kila moja isizidi Wh (wati-saa) 100, ni lazima ziwe mkononi. Haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Spana, kinyume chake, ziende chini. Vile vichupa vya gesi ya kujazia tairi viache, labda shirika la ndege likikubalia kwa maandishi. Pampu ndogo haina kesi na mtu.

Baiskeli haikufika, au imefika imevunjika. Nifanye nini?

Usitoke uwanja wa ndege kabla ya kuandikisha ripoti kwenye dawati la mizigo na kupewa namba yake. Fungua boksi palepale na upige picha. Chini ya Mkataba wa Montreal, malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya uliochelewa ndani ya siku 21. Ukomo wa fidia ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), takriban dola 2,000 za Marekani, wakati baiskeli ya mashindano huzidi dola 10,000. Kwa hiyo bima ya baiskeli ni ya lazima, na isomwe kama inagharamia mashindano na usafiri wa ndege. Nyingi hazigharamii.

Tembea pia na namba ya fremu na nakala ya karatasi za umiliki. Maofisa wa forodha, hasa ukirudi nyumbani na baiskeli inayong'aa, huuliza kama umeinunua nje. Magari ya timu nayo hukaguliwa yakiingia Uswisi, ambayo imo Schengen lakini haimo kwenye forodha ya Ulaya.

Mwili huzoea saa mpya kwa muda gani?

Kipimo cha kukadiria ni siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko magharibi. Kutoka Nairobi hadi Adelaide mwezi Januari ni saa saba na nusu mbele, ndiyo sababu timu hufika huko wiki moja au zaidi kabla. Nafuu yetu ni kwamba kati ya Afrika Mashariki na Ulaya tofauti ni ndogo mno: Kigali wakati wa kiangazi cha Ulaya ina saa ileile na Paris, na Nairobi iko mbele kwa saa moja tu. Ukifika Ulaya umechoka, tatizo ni usiku uliokosa kulala, hewa kavu ya ndege na miguu iliyovimba. Vaa soksi za kubana, kunywa maji, na siku ya kufika endesha dakika 60 hadi 90 taratibu, kwenye mwanga wa jua. Usijaribu kufidia mazoezi uliyoyakosa.

Nawajibika vipi kwa wapima dawa nikiwa safarini?

Ukiwekwa kwenye orodha ya wanaopimwa nje ya mashindano, kila robo mwaka unajaza kwenye mfumo wa ADAMS mahali utakapolala kila usiku, na dakika 60 za kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, ambazo lazima upatikane mahali ulipotaja. Kukosekana au kujaza vibaya mara tatu ndani ya miezi 12 huhesabiwa kama kosa la dawa, na adhabu hufika miaka miwili nje.

Makosa mengi huzaliwa safarini: ndege imeahirishwa, timu imebadilisha hoteli, mtu amelala kwa rafiki. Badilisha kwa simu papo hapo, ukiwa bado foleni. Na tahadhari moja ya kwetu: mfumo hutumia saa 24 za mahali ulipo. Saa 12 asubuhi ni 06:00. Ukiandika 12:00 umewaita adhuhuri. Wengi huchagua saa ya alfajiri chumbani, kwa sababu hapo hakuna kisingizio cha kutokuwepo.

Dawa za dukani ugenini ziogope. Tramadol ilipigwa marufuku kwenye mbio za UCI mwaka 2019, na tangu Januari 2024 imo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kwa siku za mashindano, ingawa maduka mengi huiuza kama dawa ya maumivu ya kawaida. China na Mexico zimewahi kuwa na nyama yenye mabaki ya clenbuterol, dawa iliyokatazwa. Huko kula samaki, mayai au chakula cha mpishi wa timu.

Siku ndani ya mbio za wiki tatu inakwendaje?

Hatua 21 ndani ya siku 23 au 24, timu ya watu wanane, vyumba vya watu wawili. Kifungua kinywa ni muda wa saa tatu kabla ya mbio kuanza, kisha basi. Ukimaliza hatua: kinywaji cha kurejesha nguvu, bafu ndani ya basi, safari ya dakika kumi au ya saa mbili, masaji, chakula cha usiku, kulala. Anayeitwa kupimwa, au anayepanda jukwaani, huachwa na basi na kuletwa na gari dogo. Hula akiwa peke yake.

Sanduku lako huchukuliwa asubuhi na kukutangulia hoteli mpya, kwa hiyo lifunge usiku. Nguo chafu huingia kwenye mfuko wa wavu wenye jina lako na kufuliwa bila kutolewa humo. Halafu kuna begi la mvua, linalokaa kwenye gari la timu: koti la mvua, glavu nene, kofia, viatu vya akiba, soksi kavu. Lipange mwenyewe, kila mara kwa mpangilio uleule, maana atakayelifungua ni mtu mwenye haraka anayeendesha gari kwa mkono mmoja.

Huwezi kuchagua pa kulala. Mwaka 2015, baada ya Richie Porte kulala kwenye gari la nyumba wakati wa Giro, UCI iliagiza wote walale hoteli za mwandaaji. Mto wako unaruhusiwa, ubebe.

Nitakula nini miezi yote hiyo?

Wali, tambi, kuku, viazi, tena wali. Barabarani lengo la siku ngumu ni gramu 90 hadi 120 za wanga kwa saa, na tumbo lazima lizoezwe nyumbani kabla, vinginevyo utaharisha. Anayekosa ugali Italia aombe polenta ngumu: ni unga wa mahindi ya njano, na mpishi hatashangaa.

Kambi ya mwinuko nifanyie wapi?

Wenzako watakwenda Teide huko Tenerife, mita 2,150 hivi, au Sierra Nevada, kama mita 2,300. Iten, Kenya, iko mita 2,400. Ukiwa na nyumba huko, wiki tatu za kwenu hufanya kazi ileile na hazikuli siku za Schengen. Shida ni nyingine: baridi. Kutoka Iten kwenda Ubelgiji mwezi Machi, nyuzi 5 na mvua ya ubavuni, kunataka siku kadhaa za kujifunza kuvaa na kula kwa mikono iliyokufa ganzi.

Chanjo je?

Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo na tangu 2016 hudumu maisha yote. Nchi nyingi hukidai kwa anayetoka nchi yenye hatari ya homa hiyo, kama Kenya au Uganda, Australia ikiwemo kwenye masharti yake ya kuingia. Kiwekwe ndani ya pasipoti.

Nirudi nyumbani mara ngapi?

Zaidi ya vile kalenda ya timu inavyopendekeza. Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda Gent–Wevelgem tarehe 27 Machi 2022, kila mtu alimtaka abaki kwa Tour of Flanders wiki iliyofuata. Alirudi Asmara kwa familia yake, kama ilivyopangwa, na Mei akashinda hatua ya Giro. Weka safari ya nyumbani kwenye mpango wa Januari, pamoja na tiketi, kabla kalenda haijajaa.

Nani analipia haya yote?

Katika timu za madaraja mawili ya juu, timu hulipa tiketi, na mwandaaji wa mbio hugharamia malazi na chakula. Katika timu za bara hakuna mshahara wa chini uliowekwa na UCI, na mikataba hutofautiana sana. Kabla ya kusaini, pata majibu kwa maandishi: ada za viza, mzigo wa baiskeli, bima, tiketi ya kurudi ukivunjika mfupa wa bega, na nauli ya kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani. Risiti zipige picha siku hiyohiyo. Wino wa karatasi za mashine hufutika kwenye joto la gari kabla mhasibu hajaziona.